Vidole vya Dobi

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu, yule dobi. Huyo kwa wivu usimguse! Namba ya siri ya simu yake haijui hata mumewe, na kitambulisho chake hukilalia chini ya mto.

Siku moja laini yake ikazima ghafla, akaenda duka la simu kurudishiwa. Akaweka kidole kwenye mashine. Ikalia tiit, ikamkataa. Sabuni na maji ya moto ya miaka mingi vilikuwa vimemfuta alama zote za vidole.

"Dada, mbona asubuhi ilikukubali mara moja?" mhudumu akashangaa. "Ulikuja na kitambulisho hiki hiki, nikakupa laini. Tena ulikuwa mcheshi kweli, si kama sasa."

"Asubuhi nilikuwa nafua!"

Akarudi nyumbani mbiombio kwa wivu. Kuna mtu ana vidole vyake vya usichana, ambavyo yeye mwenyewe hana tena.

Alifika giza limeshaingia, na umeme umekatika. Akaingia chumbani kwa kupapasa ukuta. Huko uani akasikia kandambili zikienda, pwa, pwa, bila haraka, kama za mwenye nyumba. Kisha mlango wa nyuma ukafungwa polepole.

"Umerudi, mpenzi?" mumewe akauliza gizani, kwa sauti tamu ambayo hakuwa ameisikia tangu enzi za uchumba.

Mumewe akamshika mkono, akaupapasa.

"Mbona mikono yako imekuwa migumu tena?"