Orodha Ilipopangwa Upya

Duka la miwani lilifunguliwa saa mbili asubuhi. Mama mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alivaa aproni yake na kuwasha mashine ya kusagia lenzi. Mumewe, Mwalimu mstaafu wa hesabu, alipangusa kompyuta kwa kitambaa laini. Programu ya duka aliiandika yeye mwenyewe, kwa kusoma vitabu na kukuna kichwa mwaka mzima.

Jumatatu ya wiki ile alikuwa ameongeza jambo jipya. Zamani wateja wa wiki walionekana kwenye skrini kwa jinsi walivyofika dukani. Sasa ukibofya neno lililo juu ya orodha, orodha inajipanga yenyewe. Bofya "Jina", majina yanafuatana kwa herufi. Bofya "Kazi", kazi za wateja zinafuatana kwa herufi.

"Umeona mambo hayo?" alimwuliza mkewe siku ile, kichwa kimemvimba.

"Nimeona, Mwalimu. Sasa nichapie kadi nifanye kazi."

Kadi ilikuwa na jina la mteja na vipimo vya lenzi zake. Kabla ya kompyuta, Fundi alifuata karatasi ya daktari wa macho. Siku hizi Mwalimu aliingiza vipimo kwenye programu, akamchapia kadi. Karatasi za daktari zilitiwa kwenye sanduku chini ya meza, na hakuna aliyezitazama tena.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Kabla Fundi hajanywa chai, mlango ulisukumwa. Aliingia mshonaji wa nguo, mteja wake wa miaka mingi, miwani mkononi.

"Dada, umenitengenezea nini? Tangu jana siwezi kutunga uzi. Sindano naiona kama ukungu!"

"Hebu niipime."

Fundi aliiweka miwani kwenye mashine ya kupimia lenzi. Akaitoa kadi ya mshonaji, akalinganisha. Vipimo vilikuwa sawasawa na kadi.

"Basi macho yake yamebadilika," Mwalimu alisema. "Kompyuta haikosei."

"Macho yangu hayajabadilika kwa wiki moja, shemeji!"

 Fundi aliinama, akalivuta lile sanduku, akapekua mpaka akaipata karatasi ya daktari. Alisoma mara moja. Akasoma tena. Karatasi ilisema lenzi za kuonea karibu. Kadi ilisema lenzi za kuonea mbali.

 Tangu Jumatatu walikuwa wamepokea oda tatu tu: ya mwanafunzi wa chuo, ya dereva wa lori na ya mshonaji. Alizitoa karatasi zote tatu, akazilinganisha na kadi. Mshonaji alikuwa amewekewa lenzi za dereva. Miwani ya mwanafunzi, iliyokuwa bado rafuni, ilikuwa na lenzi za mshonaji.

"Na dereva?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Dereva ana lenzi za mwanafunzi. Zimekaribiana na zake, ndiyo maana hakuzikataa. Lakini si zake, Mwalimu. Si zake!"

Fundi aliketi. Alikumbuka jana mchana. Dereva alivaa miwani, akatazama nje, akasema, "Mbona kama barabara inainama upande wa kulia?" Na yeye Fundi alimjibu jibu analowapa wateja wote wa lenzi mpya: "Siku mbili tatu, macho yatazoea." Hakuipima tena. Na miwani ya akiba dereva hakuwa nayo, maana lenzi ziliwekwa kwenye fremu yake ileile ya zamani.

Alipiga simu ya dereva. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga ofisi ya malori.

"Ameondoka alfajiri na shehena ya saruji," sauti ilimjibu. "Leo anapanda mlimani, kwenye zile kona."

 "Tafadhali, ndugu yangu. Miwani yake ina kosa. Msimruhusu apande."

"Kabla ya mlima kuna mizani ya kupimia malori. Anatarajiwa pale saa nne. Nitawaambia wamzuie."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika kumi. Fundi aliona kama mishale yake imegoma.

"Labda kuna virusi," Mwalimu alisema. "Au umeme wa juzi uliokatika."

"Mwalimu, mficha uchi hazai. Nenda kamwite jirani."

Jirani aliishi ghorofa ya juu. Alikuwa mwanamke kijana, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za kukatia tiketi. Alishuka upesi, akawaamkia, akaisoma programu ya Mwalimu kimya kimya. Mwalimu alisimama nyuma yake akisugua vidole, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Baba, orodha hii hukuiunda wewe?"

"Hapana. Nilipakua kasha la vifaa vya kujengea programu. Madirisha, vitufe, orodha, vyote huja vimetengenezwa. Mimi nimeviunganisha tu."

"Na jambo hili la kupanga orodha uliliongeza lini?"

"Jumatatu. Na nililijaribu! Kila mtu alikaa mahali pake."

"Ulitazama mpangilio. Ulimbofya mtu baada ya kupanga?"

Mwalimu alikuna kichwa. "Hapo sikubofya."

Jirani alichukua mifuko mitatu ya miwani, akaipanga mezani. "Hii ndiyo orodha kwa jinsi walivyofika. Wa kwanza mwanafunzi, wa pili dereva, wa tatu mshonaji. Vipimo vyao vimehifadhiwa ndani ya kompyuta kwa mpangilio huohuo. Sawa, mama?"

"Sawa."

"Sasa nabofya 'Kazi'." Alihamisha mifuko. "D inatangulia M. Wa kwanza anakuwa dereva, wa pili mshonaji, wa tatu mwanafunzi. Lakini waliohama ni hawa wa kwenye skrini tu. Vipimo vilivyohifadhiwa ndani havijahama. Baba akimbofya dereva, programu inauliza, 'Amebofya mstari wa ngapi?' Inajibiwa, 'Wa kwanza.' Jina inalichukua kwenye skrini: dereva. Kisha inaingia ndani kuchukua vipimo vya mtu wa kwanza. Na ndani, wa kwanza ni nani?"

"Mwanafunzi!" alisema Fundi. Aliuona mchezo wote sasa, na ulimtisha zaidi kuliko virusi.

"Ndiyo. Programu inamtambua mtu kwa mahali alipokaa. Mahali hubadilika."

"Sasa tufanyeje?" Mwalimu aliuliza. Kiburi chote kilikuwa kimemtoka. "Niondoe kupanga?"

"La, kupanga hakuna ubaya. Kila oda ina namba yake, siyo?"

"Inayo. Nimeiandika kwenye risiti."

"Basi kila mstari wa orodha uubebeshe namba ya oda yake. Kasha lako lina nafasi ya kufanya hivyo. Ni wewe tu hukuijaza. Orodha ikipangwa, mstari unahama na namba yake. Mtu akibofya, usiulize ni mstari wa ngapi. Uliza namba ya oda. Kisha jina na vipimo vyote uvitoe ndani kwa namba hiyo moja."

Saa nne ilifika. Simu haikulia. Mshonaji, ambaye hakuwa ameondoka, alimshika Fundi bega. "Vuta subira, dada."

"Nivute subira gani? Mtu yuko barabarani kwa maneno yangu!"

Saa nne na robo simu iliita. Fundi nusura aiangushe.

"Fundi, wamenisimamisha hapa mizani," dereva alisema. "Nilikuwa natambaa kama konokono. Kichwa kinaniuma, barabara inainama. Lakini ulisema macho yatazoea, nikajikaza."

 Fundi akasema, "Usiendeshe hata hatua moja, baba. Kosa ni letu. Nakuja."

Alisaga lenzi mpya huku karatasi ya daktari ikiwa mbele ya macho yake. Nyuma yake Mwalimu na jirani walirekebisha programu. Walipomaliza, hawakushangilia. Walipanga orodha kwa jina, wakambofya kila mteja, Fundi akisoma karatasi kwa sauti na Mwalimu akiitikia. Wakapanga kwa kazi, wakarudia. Wakapanga kwa tarehe, kisha kinyume, wakarudia. Safari hii kila mtu alikutwa na vipimo vyake. Kadi ya dereva ilichapwa upya, nayo ikakubaliana na karatasi.

Mpaka leo ndivyo wanavyofanya. Programu ikibadilishwa, inajaribiwa hivyo kwanza. Karatasi ya daktari haiondoki mezani mpaka miwani ipimwe kwayo. Na mteja akilalamika, miwani inarudi kwenye mashine kabla Fundi hajasema neno. Mshonaji alipata lenzi zake jioni ileile, na mwanafunzi akapata zake kesho yake bila kujua lolote.

Lakini saa sita mchana ule, Fundi hakuwa akiwaza kesho. Yeye na mumewe walikodi gari, wakafunga duka. Njia nzima aliukumbatia mkoba wenye zile lenzi mbili na bisibisi yake ndogo.

Dereva alikuwa ameketi kivulini mwa lori lake. Mwalimu alimfikia wa kwanza. "Mwanangu, programu niliiandika mimi. Nisamehe."

"Na mimi sikukusikiliza," alisema Fundi.

Dereva alicheka kidogo. "Jamani, mbona kama mmekuja msibani? Mimi mzima."

Fundi alibadilisha lenzi pale pale, juu ya ngazi ya lori. Alizifuta, akamvalisha. Dereva alisimama, akatazama barabara inayopanda mlimani. Alitazama muda mrefu, mpaka Fundi akaingiwa na hofu upya.

"Niambie ukweli. Bado inainama?"

"Hapana. Imenyooka." Dereva hakucheka tena. Alinyoosha kidole. "Fundi, pale kwenye kona ya kwanza. Mlipofika nilikuwa naona vitu kama nguzo, vingi, kandokando ya barabara. Nikasema ni uzio."

"Ni nini?"

"Ni watoto. Ile ni shule. Wanavuka."