Njia Katika Picha ya 1967

Mdogo wangu Edmond, mwalimu wa jiografia hapa Vulamba, alikusanya picha za zamani za dunia, zile zilizopigwa na setilaiti za kwanza za Wamarekani. Nyingine aliachiwa na wamisionari waliorudi kwao. Nyingine alizikuta kwa wamama wauza beignets, yale maandazi ya kukaanga, tayari zimekatwa za kufungia. Kila picha ilikuwa na namba na tarehe pembeni. Alizilaza chini ya godoro zisikunjamane, na Jumapili baada ya misa alitoa moja, akaikagua juani kwa kioo cha kukuza. Mimi nilikuwa namenya mihogo kando yake.

Mwezi wa nane mwaka 2001, mtoto wangu Kambere alipeleka chumvi Kamango kwa baiskeli. Hakurudi. Jumaine, dereva wa Beni, aliiona baiskeli kando ya mto Semuliki. Mzigo ulikuwa bado umefungwa vizuri.

Katika ukoo wetu, mtu akipotea bila mwili kuonekana, tunavika shina la mgomba sanda na kulizika badala yake. Apollinaire, mkubwa wa familia, alinijia mara tatu.

"Mama Kambere, utangoja mpaka lini? Batu banasema unafunga mutoto mu njia, roho yake haiwezi kupumuzika."

"Sitazika mutoto wangu bila kumuona."

Nilisali rozari nikiomba jambo moja: arudi nyumbani, mzima au maiti.

Jumapili moja Edmond aliniita mimi dada yake mkubwa kwa sauti ya chini.

"Yaya, kuya uone."

Picha ilikuwa ya 1967. Ilionyesha pori lote, toka Semuliki hadi milima ya Butembo. Ndani ya pori mlikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama unywele, ulioanzia mtoni.

"Ni njia ya miguu," nilisema.

"Juma iliyopita haikukuwa."

Aliupima kwa uzi. Jumapili iliyofuata, uzi haukutosha.

Mstari ulikuwa unakuja upande wetu. Haukufuata barabara. Kila mahali askari walipoweka kizuizi mwaka ule wa vita, ulikwepa, ukapita porini. Mwaka 1967 vizuizi vile havikuwapo.

"Iko natembea sawa mutu mwenye kuchoka," Edmond alinong'ona. "Usiambie mutu."

Sikumwambia hata padri. Nilifua mashuka ya Kambere, nikatandika kitanda chake.

Jumamosi Apollinaire alifika na watu wengi, sanda mkononi, mgomba umeshakatwa. Siku hiyo mstari ulikuwa umefika kwenye kijito cha chini ya shamba letu.

Edmond alinishika mkono. "Yaya, bakatalie. Ni kesho."

Wazee walikuwa wamesimama, kofia zimevuliwa. Ningewaambia nini? Kwamba mtoto wangu anarudi ndani ya picha? Niliona haya. Nikainamisha kichwa.

Wakazika.

Kesho yake Edmond alileta picha. Mstari ulikuwa umepanda kilima. Ulifika pale nyumba yetu ilipo. Haukuingia. Ulizunguka. Mara moja. Mara mbili. Tulihesabu saba.

Tukatoka nje. Majani yote kuzunguka nyumba yalikuwa yamelala chini kama yaliyokanyagwa. Hapakuwa na unyayo.

"Anatafuta mulango," nilisema.

"Tulishamuzika, Yaya. Mutu wa kuzikwa hana mulango."

Nilichukua jembe, tukaenda kwenye kaburi la mgomba. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali. Edmond alichimba pamoja nami. Mungu atusamehe.

Sanda ilikuwa safi juu. Chini ilikuwa imetoboka. Shina lile lilikatwa jana yake kwa panga, bichi, linatoa maji. Sasa mwisho wake ulikuwa umechakaa, mgumu, umepasuka kama kisigino cha mtu aliyetembea miezi. Ndani ya nyufa mlikuwa na mchanga mweupe wa mtoni. Kilima chetu ni udongo mwekundu tupu.

Tulilibeba ndani. Tukalilaza kitandani kwa Kambere, nikalifunika. Jioni majani ya nje yalisimama tena.

Edmond amekwisha kufariki, na picha zake nimezichoma. Wageni wakiuliza, nawaambia chumba kile ni cha akiba. Shina la mgomba huoza kwa majuma mawili. Hili lina miaka. Kila asubuhi nalipaka mawese pale chini, na zile nyufa zimeanza kufunga.