Tepu Nyeupe ya Rauha

Saa mbili na robo asubuhi, Alhamisi, gari la Rauha Lehto lilikuwa bado limezikwa na theluji mbele ya nyumba yake. Theluji yenyewe ilikuwa na matabaka mawili: la chini gumu, la tangu Jumapili, la juu laini, la jana usiku. Lorne Moonias aliyasoma matabaka hayo kupitia dirisha la mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Kazi yake ni kupima ardhi, na macho yake hayajui kupumzika. Jibu alilopata lilikuwa moja: tangu Jumapili mpenzi wake hajaendesha gari, lakini mazoezini amekwenda kila siku. Basi kuna mtu anampeleka.

Mfukoni alikuwa na ufunguo wa nyumba ile. Alikuja kuurudisha.

— Shemeji, pankeki inapoa, alisema Irja, mwenye mgahawa. Au unamngoja nyota wetu atoke umpigie saluti?

— Saluti apigiwe, alidakia Gord Pelletier, dereva mstaafu wa treni za ngano. Halafu leo kabla ya saa tisa aende Boston.

— Toka kwenye mgahawa wangu, Gord.

— Sijamaliza kahawa.

Saa tisa alasiri ndiyo ilikuwa mwisho wa kubadilishana wachezaji, na Thunder Bay nzima haikuwa na mada nyingine. Boston walimtaka Rauha, mfungaji bora wa ligi ya wanawake ya hoki ya barafu, mchezo wa kupiga kisahani cha mpira kwa gongo. Katika ligi hiyo mtu habadilishwi kwa pesa, hubadilishwa kwa watu. Boston walikuwa tayari kutoa beki, kipa, na zamu yao ya kwanza ya kuchagua chipukizi msimu ujao. Kilichobaki ni Rauha mwenyewe, maana mkataba wake ulimpa haki ya kukataa.

— Watatu kwa mmoja! alisema Gord. Irja, ana miaka ishirini na minane. Kitu unakitoa kikiwa juu, hungoji kishuke.

— Jana si wewe uliyekuwa umesimama juu ya kiti unalia?

— Nililia, sikatai.

Gord akaweka kikombe chini. Sauti yake ilishuka kama ya mtu aliyeingia kanisani.

— Nimeangalia wafungaji tangu sijaota ndevu. Wote hutazama kwanza, kisha hupiga. Yule jana hakutazama kabisa. Kisahani kiligusa gongo lake, na kabla kipa hajajua kimefika, kilikuwa wavuni. Mimi nimeendesha treni ya mabehewa mia, naijua nguvu. Ile haikuwa nguvu. Sijui ilikuwa nini.

— Bao la tatu, alisema Irja polepole. Mungu wangu, lile bao la tatu.

Lorne naye alilikumbuka, ila kwa uchungu. Mchezaji akifunga matatu, watu hutupa kofia zao barafuni; naye aliirusha yake ya manyoya, aliyoshonewa na shangazi yake. Kisha akashuka mpaka kwenye kioo kinachozunguka uwanja, akapunga mikono yote miwili. Rauha alipita karibu kiasi cha kuweza kumgusa, kama kioo kisingekuwapo. Hakugeuka. Akaenda kuwachekea watu wa upande wa pili.

— Shemeji, sema wewe unayelala karibu na ukweli, alitania Gord. Anabaki au anakwenda?

— Sijui.

— Hajui! Irja, umesikia? Mtu anaoka mkate na hajui kama una chumvi.

— Mwache, Gord.

— Haya, namwacha. Lakini kuna kitu kinaninyima usingizi. Gongo lake. Miaka yote anafunga tepu nyeusi ya gundi kwenye ubao wa gongo, kisigino mpaka ncha. Kisahani cheusi juu ya tepu nyeusi, kipa haoni kinatokea wapi. Hiyo ndiyo silaha ya mfungaji. Sasa mechi nne hizi anafunga nyeupe! Nani huyo anayemrahisishia kipa kazi?

— Labda ni mtindo.

— Mtindo! Nyeupe ni ya watoto. Binti yangu nilimfungia nyeupe akiwa na miaka mitano, ili akione kisahani yeye mwenyewe.

Uma wa Lorne ulisimama hewani.

— Rudia hapo, mzee.

— Wapi?

— Ili akione yeye mwenyewe.

— Ndiyo. Kisahani cheusi juu ya cheupe, hata mwenye ukungu machoni hakikosi.

— Na kule kuhamia winga ya kushoto? Kocha ndiye aliyemhamisha?

— Aliomba mwenyewe. Kocha kasema redioni.

Winga ya kushoto. Mchezaji wa huko ana ukuta mkono wa kushoto. Mchezo wote uko kulia kwake. Lorne akaanza kuhesabu upya. Jana kwenye kioo, alikuwa amesimama kushoto kwa Rauha. Jumapili mezani alimnyooshea mkono, ukabaki peke yake juu ya kitambaa: kushoto. Juzi kwenye kochi alimsogelea kumbusu, naye akaruka kama aliyeguswa na mwizi: kushoto. Halafu gari. Mambo haya yote alikuwa ameyapanga kichwani kama ushahidi wa mwanamke aliyechoka kupendwa. Yote yalikuwa ya upande mmoja.

Akasimama. Alichukua kutoka kabatini andazi moja la persian, lile lenye sukari ya pinki juu, akatoka.

— Shemeji, koti! alipiga kelele Irja.

Hakusikia.

Rauha alifungua mlango akiwa na simu mkononi.

— Lorne? Baridi yote hii huna koti?

— Umeamkaje?

— Nina haraka. Meneja wa timu anangoja jibu.

Aligeuka kuelekea jikoni. Lorne akamfuata, akasimama kushoto kwake, akalinyoosha andazi mpaka karibu na bega. Rauha alipenda persian kuliko pongezi. Aliendelea kusoma simu. Lorne akalisogeza mbele kidogo kidogo, kama anayesogeza alama ya mpaka, mpaka lilipofika karibu na pua.

Rauha akashtuka.

— Umelitoa wapi hilo?

— Lilikuwa hapa muda wote.

Friji tu ndiyo iliyonguruma.

— Unanipima, alisema Rauha. Umeingia nyumbani kwangu kunipima kama kiwanja.

— Tangu lini huoni kushoto?

— Naona.

— Nina vidole vingapi hapa?

— Lorne, usinifanyie hivyo.

— Sijainua mkono, Rauha.

Alikaa kwenye kiti taratibu, akiutafuta ukingo wake kwanza kwa vidole.

— Kiwiko, alisema. Mechi na Toronto, yule beki mrefu. Mwanzo vikawa vimulimuli, kama radi ndogo pembeni ya jicho. Kisha likaja pazia. Linasogea kila siku.

— Daktari?

— Juzi. Kasema utando wa nyuma ya jicho unabanduka, niende kupasuliwa siku ileile.

— Juzi! Na jana ukacheza?

— Jana nilifunga matatu.

Hakulisema kwa majivuno. Alilisema kama mtu anayetaja tarehe. Lorne, ambaye hakuamini kitu asichoweza kukipima, alijaribu kulipima hilo, akashindwa. Mabao matatu, na sehemu ya uwanja hakuwa nayo kabisa.

— Uliyapataje?

— Kwa sauti. Kisahani kina sauti yake, na viatu kwenye barafu navyo vina sauti. Kipa akihama, barafu inakwaruza. Ninapiga palipokwaruzwa.

Simu ikalia kidogo. Ujumbe wa meneja: "Rauha, Boston wamekubali yote. Nipe jibu kabla ya saa tisa. Ukisema ndiyo, kesho wanakupima afya."

Lorne aliusoma mara mbili.

— Ungejibu nini?

— Hapana.

— Kwa sababu ya vipimo.

— Ningewaambia siwezi kuuacha mji wangu, alisema Rauha. Wangeniandalia karamu kwa Irja.

— Na mimi ungeniambia nini?

Rauha aliilaza simu mapajani.

— Niambie. Mimi ningejua umebaki kwa ajili ya nini?

— Kwa ajili yako.

— Ungeniacha niamini hivyo?

— Ndiyo, alisema. Ungefurahi, Lorne.

Hapo ndipo palipomkata maini. Akaingiza mkono mfukoni. Ufunguo ukagonga sarafu.

— Na wewe? aliuliza Rauha. Umeukamata huo ufunguo tangu uingie, nausikia. Ulikuja kufanya nini asubuhi hii?

— Kuurudisha.

— Kwa nini?

— Nilidhani una mtu anayekupeleka mazoezini.

— Nina mtu. Basi la namba tatu.

— Kwa nini hukuniambia?

— Kwa sababu wewe ungeniambia ukweli. Watu wote wananiambia mimi ni muujiza. Wewe ungeniambia nenda hospitali.

— Nenda hospitali.

— Unaona?

— Rauha, pazia halijali kama una mechi. Leo lina mahali lilipofika. Kesho litakuwa mbele zaidi. Hilo ndilo ninalolijua.

— Wakinifungua jicho nisirudi tena, mimi ni nani? Huko ng'ambo ya barabara wananijadili kwa gongo langu, kwa tepu yangu, kwa watu watatu wa Boston. Toa hayo, kitabaki nini?

Lorne hakuwa hodari wa maneno matamu. Alihama kutoka kushoto, akauzunguka mgongo wake, akachuchumaa upande wa kulia anakoonekana.

— Sijui kitabaki nini, alisema. Lakini nitakuwa upande huu.

Rauha akampigia meneja.

— Bosi, sisemi ndiyo wala hapana. Sifai kubadilishwa kwa mtu yeyote. Sioni kushoto... Ndiyo, hata jana... Ndiyo, yote matatu.

Sauti ya meneja ikasikika wazi:

— Weka simu, mama, uende hospitali sasa hivi. Nani anakupeleka?

— Yupo, alisema Rauha.

Walilifukua gari pamoja, matabaka yote mawili. Irja alivuka barabara na koti la Lorne. Alipoambiwa yote, hata habari ya sauti, alilidondosha kwenye theluji.

Daktari yule yule ndiye aliyempasua jioni hiyo. Alipotoka alisema maneno machache, nayo Lorne aliyashika neno kwa neno: pazia halikuwa limefika katikati ya jicho, utando umerudishwa mahali pake, uoni wa pembeni unaweza kurudi, unaweza usirudi. Ndani ya jicho ameweka povu la hewa liukandamize utando ushike. Kwa wiki nzima Rauha alale na kukaa kifudifudi. Asipande ndege mpaka povu liishe.

Simu ya Lorne ikaingiza ujumbe wa Irja: "Gord kavua kofia tangu aliposikia, hataki kuivaa. Anarudia neno moja tu: kwa sauti, kwa sauti. Anauliza ni mjinga gani aliyesema huyu binti aende Boston. Nimemwambia ni yeye."

Siku ya nne, Rauha alikuwa amelala kifudifudi kwenye kitanda cha kukandia misuli alichoazimwa na timu, uso ukiwa kwenye tundu lake. Chini, sakafuni, Lorne alikuwa amelala chali ili waonane.

— Unaniona?

— Nakuona unayumba kama uko chini ya maji. Hujanyoa.

— Sijatoka humu ndani.

— Ufunguo uko wapi?

Aliuonyesha. Ulikuwa shingoni, kwenye kamba ya kiatu.

— Kaa nao, alisema Rauha.

— Nataka zaidi ya ufunguo.

— Sema kwa lugha ya watu, siyo ya ramani.

— Nikuoe.

Chozi lilianguka kutoka tunduni, likampata kwenye miwani.

— Mtu anaposa akiwa chini ya kitanda?

— Ndipo mahali pekee unaponitazama usoni.

— Fungua begi langu la mechi. Mfuko wa pembeni. Kuna tepu mbili.

— Nilete ya rangi gani?

— Unajua ya rangi gani.

Lorne alirudi na tepu nyeusi, akalala tena mahali pake. Rauha alishusha mikono yote miwili. Wa kushoto ulipapasa hewani kidogo, ukampata. Akaizungusha tepu kwenye kidole cha pete cha Lorne mara tatu, akaikaza kama anavyokaza gongo kabla ya mechi, akauvuta mkono ule mpaka kwenye tundu na kuikata tepu kwa meno.