Chumba cha Mwenye Kadi ya Dhahabu

Hivi wewe umewahi kuingia chumba cha hoteli ukanusa mito kabla hata hujavua viatu?

Sindano alikuwa hivyo. Watu walimjua kwa kazi moja tu: kuzipa nyota hoteli za kampuni fulani, ili wanachama wenye kadi wajue pa kulala. Kazi yake ya pili haikuwa na nyota. Ilikuwa na bastola aina ya Glock, chini ya koti.

Simu ikatetemeka.

"Hoteli ya bandarini," alisema Mkuu wa kazi ile ya pili. "Mkemia yumo. Saa kumi wanampakia melini."

"Chumba?"

"Hatujui. Ukibisha mlango usio wake, watasikia na kummaliza."

Mkemia alikuwa dada yake Sindano, tumbo moja. Majasusi wa kigeni walitaka awapikie sumu ya kutia kwenye maji ya mji. Msaidizi wa mkemia alikataa. Wakamuua mbele ya mkemia.

Hoteli yenyewe sasa ilikuwa imeshushwa hadi nyota moja. Wanachama walilalamikia kunguni. Sindano hakuamini. Aliwahi kulala pale akaipa nne: shuka zilipigwa pasi mpaka kwenye pindo, na maji ya moto yalitoka bila kubembelezwa. Aliyeandika kunguni alitaka watu wasije.

Mama wa mapokezi alitabasamu nusu.

"Karibu, dada. Unatafuta kulala au unatafuta kuwashwa?"

"Vyote, mradi kuna sabuni."

Akaweka kadi ya dhahabu mezani. Kompyuta ikalia.

Sheria ya kampuni ni moja: mwenye kadi hiyo hupewa chumba kikubwa kuliko vyote vilivyo wazi, na kompyuta ndiyo huchagua. Wale majasusi hawakutaka jina lao lionekane popote. Basi wakakiacha chumba chao kisomeke kitupu.

"Makubwa," mama alinong'ona. "Tuliambiwa ghorofa ya juu ina ukarabati. Mbona imekupa huko?"

"Bahati yangu. Nipe kadi ya mlango."

Lifti. Zulia jekundu. Jitu limekaa kitini mbele ya mlango.

"Chumba kibovu hiki," likasema. "Rudi chini."

"Kibovu wapi, kaka? Nionyeshe."

Jitu likageuza shingo.

Kalamu ya Sindano, iliyojaa dawa ya usingizi, ikaingia chini ya sikio. Dawa ikafanya kazi. Sindano akalidaka lisianguke kwa kishindo.

Kadi ya mlango. Taa ya kijani. Mlango ukafunguka kimya.

"Zamu yangu haijaisha," alisema mtu wa ndani, bila kugeuka. Bastola yake ilikuwa mapajani.

"Imeisha."

Risasi moja, kupitia kiwambo cha kuzuia sauti.

Dada alifungwa kwa kamba ya pazia kwenye mguu wa kitanda. Mto ulikuwa na damu iliyokauka. Kucha zake mbili hazikuwepo.

"Mkuu, ninaye. Funga bandari."

"Meli tumeishika. Mapipa yote ya kemikali za sumu yamo."

Wakashuka taratibu. Mama wa mapokezi aliona mkono ule, akaziba mdomo.

"Ita polisi, mama," Sindano alisema. "Halafu shuka zibadilishwe."

Wakatoka juani. Ndani ya Land Cruiser, daktari aliyetumwa na Mkuu aliuliza maswali. Dada alitazama kufuli la mlango tu. Mkuu akauliza kwa redio. Sindano akawasha gari, akaendesha mpaka bandari ikabaki nyuma.

"Dada. Mimi hapa. Unataka nini?"

Midomo iliyopasuka ikatikisika.

"Chumba," akasema. "Ambacho mlango naufunga mwenyewe. Kwa ndani."