Nusu Saa Kwenye Miti ya Podo

— Usitikisike, Drieka. Ukitikisika unafutika kwenye picha.

Basi nikatulia tuli, mgongo nimeuegemeza kwenye mti wa podo, ule ambao wazee walitengenezea podo za mishale, baridi ya usiku ya kwetu Keetmanshoop ikinitafuna masikio. Miaka kumi na minne imepita na bado naikumbuka ile baridi. Gerson aliiacha kamera wazi nusu saa nzima ili izikusanye nyota, halafu akaja kusimama kando yangu, bega kwa bega. Picha ilikuwa ya kadi zetu za harusi. Alfajiri wajomba zake wangebisha hodi kwetu kuniposa, nami nilishamwambia mjomba wangu kwamba nakubali. Jamani, nilimpenda yule mwanamume, tangu tukiwa shule, likizo tukichunga mbuzi wa babu kwenye majabali ya hapohapo.

Hazikupita dakika tano nikasikia kokoto zikilia nyuma yangu. Shingo sikugeuza, si nimeambiwa nisitikisike? Aliporudi akaninong'oneza kwamba alikwenda haja ndogo. Akaenda tena. Mara ya tatu nikamtania kwamba ana kibofu cha mbuzi mzee, akacheka.

Kamera ilipojifunga nikawahi kuinamia kioo chake. Nyota zilikuwa zimechora vijitao vya mwanga juu ya majabali, nzuri ajabu. Mimi nimetokea wazi, hata vifungo vya koti vinahesabika. Gerson ni ukungu tu. Ila kuna uzi wa mwanga umeanzia ubavuni pangu, ukapanda mpaka nyuma ya jabali, kule simu zinakoshika mtandao, ukarudi. Nyuzi zilikuwa tatu.

— Siku hizi haja ndogo inawaka taa?

— Ni mambo ya kazi tu, Drieka.

— Nipe simu.

Hakutaka. Nikanyoosha mkono nikauacha hapo mpaka akanipa. Ujumbe ulitoka kwa Ilse, jina nisilolijua, wa Swakopmund, mji wa pwani alikofanya kazi: "Mtoto amelala na shati lako. Ukimaliza kupiga picha rudi nyumbani, mume wangu."

Naye kamjibu: "Kesho kutwa, mpenzi. Kazi imekuwa ndefu."

— Nilitaka kukwambia baada ya harusi.

— Baada ya harusi ungemwambia nani, mimi au yeye?

Nikamrudishia simu yake. Nikashuka peke yangu mpaka nyumbani, nikamwamsha mjomba nikamwambia sitaki tena.

Alfajiri wajomba wa Gerson wakafika na makoti yao ya kanisani, wakabisha. Mjomba akawajibu kupitia mlango uliofungwa kwamba hapa hakuna binti wa kuolewa. Wakacheka. Kwetu Wanama wazee wa mwanamume lazima wakataliwe, tena na tena, ndipo wakubaliwe. Wakatandika mablanketi mchangani, wakawasha kiko. Saa nne mjomba akawakatalia tena, wakamsifu kwamba anazijua mila. Saa nane jua limewachoma na bado wanatabasamu, na Gerson hakuwa na ubavu wa kuja kuwaambia ukweli.

Nilishindwa kuvumilia. Nikatoka na birika la chai, jambo ambalo binti anayeposwa hathubutu, nikapiga magoti mbele ya mkubwa wao nikamweleza habari za Ilse na mtoto.

Mzee akainywa chai yake yote kwanza.

— Binti yangu, nimekataliwa kwenye milango mingi. Huu ndio wa kwanza ninaouacha nikiona aibu.

Wakakunja mablanketi yao. Wenzake walipokwisha kutangulia, yule mzee akageuka, akanivulia kofia, na hapo ndipo nilipolia.