Mafundo ya Paka wa Kiajemi

Jua lilikuwa linazama msusi alipofunga saluni yake. Alitia mkobani chanuo, kitambaa laini na mashine ya kunyolea, akashika njia ya kwa shangazi yake kwenda kumchana paka.

Hakuwa paka wa jalalani. Pamba alikuwa Mwajemi, manyoya marefu meupe, uso bapa kana kwamba umebonyezwa kwa kiganja. Shangazi alipewa paka huyo angali kitoto na daktari wa mifugo aliyekuwa mwajiri wake kwa miaka mingi, na maelezo yake aliyakariri kwa kila mgeni: kwamba asili ya paka hawa, inasemekana, ni nyanda za juu za Uajemi, kwenye baridi kali, kwamba wasafiri waliwapeleka Ulaya, na huko watu wakawachagua kizazi hata kizazi mpaka pua zikazama usoni. Ndiyo maana machozi huwatiririka na lazima wafutwe kila siku. Wasipochanwa, manyoya husokotana. Na ni wapole kupita kiasi. Hawarukii makabati, hawapigi kelele. Ukiwapakata wewe, wametulia. Akiwapakata mwingine, wametulia vilevile.

Sasa shangazi hakuweza kushika chanuo. Vidole vyake vilikuwa vinajikunja kimoja baada ya kingine, vikikazana kiganjani kama vimeshonwa. Hospitali walimpiga picha, wakampa dawa ya maumivu, wakakiri hawajaona kitu. Ndugu walishaanza kunong'ona kuwa paka ndiye mkosi, atupwe. Msusi aliwajibu kwamba anayetaka kumtupa Pamba aanze kwa kumtupa yeye.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha raha. Kila asubuhi alimchana Pamba mpaka akang'aa. Kila jioni alimkuta na mafundo.

Si ya kusokotana. Ya kufungwa.

Mtu aliyesuka vichwa tangu ujana wake hadanganyiki. Kila fundo lilikuwa limepitishwa, limerudishwa, limekazwa. Na ndani ya kila fundo mlikuwa na unywele mmoja wa mvi. Wa shangazi.

Jioni hiyo shangazi alikuwa amesinzia chumbani. Msusi akaketi sebuleni, Pamba mapajani. Nyumba kimya. Halafu ikaja harufu... harufu ya nywele mbichi zilizofungiwa kitambaani muda mrefu.

Pamba akaanza kukoroma kwa raha.

Manyoya ya mgongoni yakagawanyika. Taratibu... kama yanayopitishwa vidole.

Hapakuwa na mkono.

Fundo likajifunga mbele ya macho yake. Safari hii unywele uliokuwa ndani ulikuwa mweusi. Msusi akajipapasa kisogoni. Ulikuwa wake. Na kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kikaanza kujikunja.

Mwingine angetimua mbio. Yeye hofu ilimgeuka hasira. Akaingiza mkono mkobani, akatoa mashine.

"Usimnyoe," sauti ya mwanamke ikanong'ona, karibu kabisa na sikio lake. "Utamharibia uzuri."

"Uzuri ni wake. Si wako."

Mashine ikaunguruma. Manyoya ya kwanza yakadondoka. Chumbani, shangazi akaguna.

"Nitahamia kwako..."

"Hamia. Nikishamaliza hapa najinyoa na mimi."

Alinyoa ovyo, mkono mmoja umekakamaa, akimwacha paka na mistari kama shamba lililolimwa na mlevi. Pamba hakujitikisa. Na kila fundo lilipoanguka, kilisikika kitu kutoka chumbani. Tk... Tk... Kama viungo vinavyonyooka.

Fundo lenye unywele mweusi alilikata mwisho. Harufu ikakatika papo hapo.

Shangazi alitokea mlangoni, viganja vyake wazi mbele ya uso, akivitazama kana kwamba ameazimwa. Kisha akamwona paka wake. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mwanangu," alisema, machozi yakimtoka, "umenigeuzia paka kuwa panya."

Siku chache baadaye, jirani wa shangazi aliingia saluni. Huyu ndiye mama aliyewahi kumwomba shangazi ampe Pamba, akanyimwa, akatabasamu tu na kwenda zake. Alikuwa amejifunga kilemba kizito licha ya joto. Alisubiri wateja waishe, akaketi kitini, akakifungua.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa vibaya, mistari mistari. Kila msusi anaujua mkono wake.

Msusi hakumuuliza nani alimnyoa. Alimfunga shuka shingoni, akakaza kidogo kuliko kawaida, akawasha mashine.

"Zitaota," jirani alisema, akimtazama kwenye kioo.

"Zikiota, uje."

Akakimaliza kichwa chote, bila haraka, mpaka kikawa kama yai. Jirani akajifunga kilemba chake, akatoka.

Msusi akashika ufagio. Hapo ndipo alipotazama chini ya kiti. Zilizolala sakafuni hazikuwa nywele za mtu. Yalikuwa manyoya meupe, marefu, laini, na yalikuwa bado na joto.

Kidole chake kidogo kikaanza tena kumuuma. Kisha akayafagia, akaketi kwenye kiti kile kile, akaielekeza mashine kwenye kichwa chake mwenyewe, kama alivyoapa jioni ile, usibaki hata unywele mmoja wa kufungia fundo. Mlango wa saluni aliuacha wazi. Anayekuja na aje.