Mkono Ulioshika Blanketi

Jumamosi ya kwanza ya Julai, mwaka 2019, soko la mitumba la Brooklyn lilifurika hata pa kutia mguu hapakuwa. Clover Teitel alikuwa nyuma ya meza yake, amebana sindano mdomoni, akitafuta kifungo cha koti la jinzi lililozeeka kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa na miaka thelathini na minane, gauni la maua limemfika vifundoni, nywele nyekundu kazifunga kwa utepe wa pazia. Clover ni jani la malishoni. Jina hilo alipewa na wazazi ambao, kwa maneno yao wenyewe, walipendana mwaka 1969 kwenye tamasha la muziki la Woodstock, katika malisho ya ng'ombe pale Bethel. Shuleni walimcheka kwa jina hilo mpaka wakachoka wenyewe.

Juu ya meza lilining'inia blanketi la viraka, na kando yake bango la picha ya zamani: msichana amekaa matopeni anacheka, blanketi hilohilo limetandwa kichwani kukinga mvua, na pembeni yake kijana ambaye huoni kitu chake zaidi ya bega. Chini Clover alikuwa ameandika: HAWA NI WAZAZI WANGU.

"Blanketi linauzwa?" aliuliza mwanamume mmoja mrefu, mwenye miwani na shati jeupe lililochomekewa kama anakwenda kwenye usaili.

"Hapa kila kitu kinauzwa, isipokuwa mimi na hilo blanketi."

"Basi nimekosa vyote viwili."

Clover akatoa sindano mdomoni, akamtazama vizuri. "Una maneno wewe. Mkeo anajua uko huku?"

"Ningekuwa naye angenichagulia shati zuri zaidi." Akacheka, kisha akanyoosha kidole kwenye bango. "Wewe ni mtu wa arobaini na moja kuniambia hao ni wazazi wake. Mimi natunza picha kwenye makumbusho ya kule Bethel. Wote wanaosema walikuwepo wangekuwepo kweli, lile shamba lingezama."

"Na hao arobaini walikuonyesha blanketi?"

Hapo bwana huyo, Wendell Vandermark kwa jina, akaacha mzaha. Akavua miwani, akasogea, akalinganisha kiraka na kiraka: cha mistari, cha bluu, cha maua ya njano kilichochanika pembeni. Vyote vilikuwepo. Alipogeuka alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani, na Clover, bila kujua kwa nini, akaona haya.

Basi mambo yakaanza. Kila Jumamosi Wendell aliendesha saa mbili na nusu kuja Brooklyn. Kati ya Jumamosi na Jumamosi ilikuwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, Wendell. Mtu mzima mwenye gari na kazi unakula mkate?"

"Njoo basi unipikie."

"Thubutu. Mimi nashona, sipiki. Ukitaka mpishi kamuoe mama yangu."

Mama huyo, Bernice, alikuwa mjane wa miezi minane. Saul mumewe alifariki Novemba, na tangu hapo Clover alikuwa na jambo moja tu moyoni. Agosti hiyo makumbusho yangeadhimisha miaka hamsini ya tamasha, na ile picha ingewekwa ukutani na majina ya walio ndani yake. Alitaka jina la baba yake liwe pale. Alikuwa amejaza fomu mwenyewe, na mtu wa kuitia saini alikuwa Wendell. Kila alipomwambia mama yake habari za ukuta, Bernice alijibu, "Achana na ukuta, mwanangu. Ukuta unataka nini kwa mtu aliyekufa?" Clover alidhani ni majonzi.

Ijumaa moja jioni akampeleka Wendell kwa mama. Meza ilikuwa na mishumaa miwili, mkate wa kusuka na supu ya kuku. Bernice alimpenda mgeni papo hapo. Alimjazia bakuli mara ya pili, akamsifia nywele. Kisha Clover akaleta albamu ya harusi.

"Ona baba alivyokuwa kijana. Anapiga gitaa kwenye harusi yake mwenyewe, hakuna aliyeweza kumzuia."

Wendell akaitazama picha, kijiko kikabaki hewani. Akakirudisha kwenye bakuli taratibu. Baada ya hapo alizungumza maneno machache, akaaga mapema, akasema barabara ni ndefu.

Siku ya kwanza hakupiga simu, na ya pili, na ya tatu. Siku ya nne Clover akapiga mwenyewe.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, laazizi."

"Usiniite laazizi kama unanikimbia. Ni mama? Ni nyumba yetu? Sema."

Akasikia mlango unafungwa upande wa pili. Halafu Wendell akasema:

"Bango lako limekatwa pembeni. Mimi ninayo picha nzima. Mkono wa kushoto wa yule kijana unaonekana, umeshika ukingo wa blanketi. Hauna kidole cha mwisho, Clover. Baba yako kwenye harusi, mwaka mmoja baadaye, ana vidole vyote kumi."

Clover akakaa kitako kwenye lundo la nguo.

"Msichana ni mama yako, hilo halina ubishi," Wendell akaendelea. "Kijana siye baba yako. Siku nne nazunguka na jambo hili, nashindwa hata kulala."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Basi tia saini."

"Clover."

"Baba yangu amesimulia mvua ile maisha yake yote. Alipokuwa kitandani, hamjui hata muuguzi, alikuwa anaisimulia. Unataka nimzike mara ya pili?"

"Nikisaini uongo huu, wale arobaini niliowafukuza niliwaonea. Siwezi."

"Unaweza. Hutaki." Clover akainuka kutoka kwenye lundo la nguo. "Saini, au usinipigie tena."

"Nakupenda, Clover. Sisaini."

Akamkatia simu. Alilia akiwa amejifunika koti la watu, la kuuza, akaliloanisha. Wiki mbili simu haikulia, na ilipolia haikuwa yeye.

Lakini Clover si mtu wa kukata tamaa. Siku ya sherehe alimpakia mama yake na blanketi garini, safari ya Bethel, akamwone mkubwa wa Wendell uso kwa uso, atie saini yeye. Akavaa gauni jekundu makusudi, amwumize mtu. Saa nne asubuhi walikuwa barabara namba 17B, na saa nne na nusu magari yote yakasimama. Jua linachoma, watu wameshuka wanakaa juu ya boneti, wazee wenye shanga shingoni wanapungiana mikono.

Bernice akashusha kioo, akatazama nje muda mrefu.

"Alikaa hapa," akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Hakufika kwenye muziki, Clover. Mimi nilitangulia Alhamisi na wasichana wenzangu, yeye akatoka Ijumaa baada ya kazi, foleni ikamkamata hapa. Siku mbili. Alikuwa na sufuria nzima ya kuku aliyopika bibi yako, akaigawa yote kwa watu wa barabarani. Jumapili akaacha gari akatembea. Alinikuta watu wanaondoka, nimechafuka kama nguruwe, akanivua viatu akanibeba mgongoni."

"Na wa kwenye picha?"

"Kijana wa watu. Mvua ilikuwa inanyesha, mimi nina blanketi, yeye hana. Hata jina sikumuuliza." Akakunja mikono mapajani. "Miaka ikapita, jirani akaja na bango, akalitambua blanketi letu. Kabla sijafungua mdomo baba yako akasema, ndiyo, ni sisi. Alikuwa amefurahi mno. Alikuwa karibu kiasi kile, halafu akakosa. Nikamwachia."

"Mama, kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa unampenda vile alivyojisimulia. Nikaogopa."

Clover akashika usukani wa gari lisilokwenda. Alimwona baba yake, miaka ishirini na miwili, na sufuria mapajani, akisikia kwa mbali muziki asioufikia. Machozi yakamtoka. Akachukua simu.

"Wendell. Ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa mshenzi. Msituandike. Tumekwama, hatufiki."

"Mko wapi?"

"Daraja la kwanza baada ya kituo cha mafuta. Nenda kwenye sherehe yako."

"Kaa hapo."

"Wendell, ni maili sita."

Simu ikakatika. Foleni ilisogea hatua tatu, ikasimama tena. Saa nane ilipita, kule sherehe bila shaka imeanza, na Clover alikuwa ameanza kujiambia kwamba watu husema tu. Ndipo akamwona, anakuja kando ya barabara, koti begani, shati jeupe limegandana mwilini, viatu vya sherehe vyeupe kwa vumbi. Anainama kila gari, anachungulia, anaomba radhi, anaendelea.

Clover akatoka mbio na gauni lake jekundu.

"Una wazimu wewe? Wanakusubiri ukutani."

"Wamesubiri miaka hamsini, wanaweza kusubiri mpaka kesho." Alikuwa anahema. "Clover, sikujua nikuambie vipi. Baada ya chakula kile ningekuja kesho yake kukuambia uso kwa uso, sikuthubutu."

"Ningekufukuza."

"Najua."

"Ungekuja tu."

"Ndiyo nimekuja."

Akamfuta jasho usoni kwa kiganja, watu wa magarini wakapiga honi, wengine wakipiga makofi. Bernice alikuwa ameshuka. Alimtazama Wendell kuanzia kichwani, akaishia kwenye vile viatu, akakaa navyo kitambo.

"Ukutani niandike peke yangu, kijana. Huyo mwingine andika hajulikani," akasema. Kisha akamgeukia bintiye. "Wanaume wa namna hii hawatokei kwenye picha, Clover. Unaolewa nao."

Akachukua blanketi lake, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akawaachia viti vya mbele.